Hela yenye tundu

Ilikuwa Kibirizi, Kigoma, saa moja asubuhi. Dagaa wametandazwa mchangani, jua ndiyo kwanza linapanda, na harufu ya ziwa imechanganyika na moshi wa mama ntilie. Nilisimama nikisubiri zamu yangu mbele ya mama mmoja muuza dagaa. Alikuwa akipatana bei na mteja wake kutoka Burundi, kwa Kirundi, tena kwa kasi. Mimi Kirundi sikijui. Maneno yalinipita kama upepo, mpaka moja likanishika shati.

*Amahera.*

Likarudi tena. Safari hii lilikuja na mkono uliokunjuliwa, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada. Hapo hata asiyejua lugha yoyote angeelewa.

Nilinunua visado viwili, nikalipa, nikaondoka. Lakini lile neno liliondoka nami. Usiku kwenye treni ya kurudi Dar nililala nalo, nikaamka nalo Morogoro. Miezi kadhaa imepita, na sasa naandika ili linipe nafasi.

## Kalamu nyekundu

Nilipokuwa darasa la sita niliandika insha kuhusu siku ya soko. Sentensi moja ilisema: "Baba alinipa hela ya kununua daftari." Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu niliyempenda sana, alilikata lile neno kwa mstari mwekundu na kuandika juu yake: *fedha*. Pembeni akaongeza kuwa hela ni neno la mtaani.

Nilimtii. Tangu siku hiyo nikawa na maneno mawili ya kitu kimoja. Fedha ilikuwa ya insha, ya barua ya kuomba kazi, ya Wizara. Hela ilikuwa ya nyumbani, ya jikoni, ya kuomba na ya kukopa. Nilikua nikiamini kwamba la kwanza limevaa suti na la pili linatembea pekupeku.

Ndiyo maana pale Kibirizi moyo uliniruka. Neno nililofundishwa kulionea haya nilikuwa nimelikuta katika lugha nyingine ya Kibantu, limevaa kiambishi chake vizuri, *ama-*, limekaa kwenye ngeli yake kama mwenye nyumba. Nikajiambia: kumbe hela ni letu! Ni la mababu. Fedha ndiyo mgeni, imetoka kwenye Kiarabu kinachomaanisha madini ya fedha. Hela ndiyo mzaliwa.

Niliishi na furaha hiyo siku tano hivi. Niliwaambia watu watatu.

## Ramani niliyoichora mwenyewe

Furaha ilianza kuingia maji pale nilipojiuliza swali dogo: kama neno hili ni la mababu, mbona majirani wengine hawana?

Maneno ya kale ya Kibantu hayafichiki. *Mtu* utalikuta kila unakogeuka: umuntu, omuntu, mundu. Lakini pesa kwa Waganda ni *ssente*. Kwa Wakikuyu ni *mbeca*, ambayo ukiitamka polepole unaisikia *pesa* ndani yake. Kwa Wanyarwanda, ambao Kinyarwanda chao na Kirundi ni kama mtu na pacha wake, neno la kila siku ni *amafaranga*. Malawi wanasema *ndalama*. Na ukienda Mombasa ukasema "hela", watakuelewa, lakini watajua pia kwamba umetoka upande wa pili wa mpaka wa Lunga Lunga. Unguja nako, *pesa* ndiyo neno la mtaani.

Nikachukua karatasi. Nikaweka nukta kila mahali ninapojua kwa hakika watu husema hela au neno lililo ndugu yake. Tanga. Dar es Salaam. Morogoro, Dodoma, Tabora. Kigoma. Halafu nikavuka mpaka: Bujumbura. Nikaacha wazi Mombasa, Unguja, Kampala.

Nikaitazama karatasi.

Ramani hiyo niliwahi kuiona. Ipo kwenye kila kitabu cha historia cha sekondari. Ni Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Sitaficha kwamba niliumia. Nilikuwa nimetafuta babu, nikamkuta mtoza kodi.

## Kopo la vifungo

Nilimpigia simu shangazi yangu Tanga. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nilimuuliza kama lile kopo la biskuti la bibi bado lipo, lile la vifungo na sindano. Akacheka. Lipo.

"Mle ndani kuna kitu cha chuma chenye tundu katikati," nikamwambia. "Si kifungo na si washa. Tulikuwa tunakichezea utotoni."

Alikitafuta wakati simu iko hewani. Nilisikia vifungo vikimwagika kwenye sinia.

"Nimekipata. Kimeandikwa kizungu."

"Nisomee herufi moja moja, shangazi."

Akasoma. D-E-U-T-S-C-H. O-S-T-A-F-R-I-K-A. Mwaka 1913. Juu ya tundu kuna taji, akasema. Akakigeuza. Tarakimu ya 5, majani, na neno moja ambalo alilisoma herufi kwa herufi, kisha akanyamaza, kisha akalitamka zima kama anavyolitamka kila siku:

"Hela."

Kimeandikwa HELLER. Shangazi yangu hajui Kijerumani hata kidogo, lakini alilisoma sawasawa.

Baba yake bibi alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Muheza. Bibi alikuwa akisimulia kwamba baba yake alihesabu siku zake kwa kipande: siku thelathini za kazi, kadi inajaa, analipwa. Sijui kama sarafu ile ilitoka kwenye malipo hayo, na hakuna wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba katika nyumba yetu hakuna aliyeitupa kwa zaidi ya miaka mia.

## Mji wa chumvi

Heller nayo ina kwao.

Kusini mwa Ujerumani kuna mji unaoitwa Schwäbisch Hall. Zamani uliitwa Hall tu, na ulikuwa mji wa chumvi: maji ya chumvi yalitoka ardhini, watu wakayachemsha, wakatajirika. Karne ya 12 ilipokuwa inaelekea mwisho, karakana ya kifalme mjini hapo ilianza kugonga senti ndogo ya fedha yenye mkono upande mmoja na msalaba upande wa pili. Senti ya Hall. *Häller*. Ilisambaa kwa sababu ilikuwa hafifu na ya bei ndogo, kitu ambacho mtu wa kawaida angeweza kukishika.

Niliposoma habari za chumvi nilikumbuka Uvinza, kituo kabla ya Kigoma kwenye reli hiyohiyo. Chumvi ya Uvinza ilisafiri na misafara karne nzima kabla ya reli, na watu wa pande zile waliitumia kununulia vitu vingine. Miji miwili ya chumvi isiyojuana. Mmoja ulizaa neno, mwingine ukalipokea.

Neno lilitembea. Wacheki wakaliita *haléř*, Waslovaki *halier*. Milki ya Austria na Hungaria ilipoanzisha koruna mwaka 1892, koruna moja ikagawanywa kwa Heller 100. Jamhuri ya Cheki iliondoa sarafu yake ya mwisho ya haléř, ile ya 50, mwaka 2008. Kwa hiyo mpaka juzi tu, bibi wa Praha na bibi wa Tanga walikuwa wakitaja neno moja kila wakinunua mkate, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Wajerumani wenyewe nyumbani kwao wakati huo walitumia Mark na Pfennig. Heller ilikuwa imebaki kwenye semi zao. Mtu asiye na kitu husema hana hata Heller moja nyekundu, nyekundu kwa maana ya shaba. Katika Biblia ya Luther, Mathayo 5:26, mdaiwa hatoki gerezani mpaka alipe Heller ya mwisho. Kwenye Biblia yetu ya Kiswahili ni senti ya mwisho.

Neno la umaskini, basi. Hilo ndilo walilotuletea.

## Pesa, peso, na mizani iliyonipotosha

Hapa lazima nikiri nilivyopotea njia tena, maana kosa lenyewe limenifundisha kitu.

Kabla ya hela kulikuwa na pesa. Pwani yote ilihesabu kwa rupia ya India, na rupia moja ilikuwa na pesa 64. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa sarafu zake za shaba za pesa miaka ya mwanzo ya 1880, zikiwa na picha ya mizani. Kampuni ya Kijerumani nayo ikagonga pesa zake mwaka 1890.

Nilipoiona ile mizani nilishtuka kwa furaha. *Peso* ya Kihispania inatokana na neno la Kilatini la kupima uzito. Pesa, peso, mizani! Nikaanza kuandika aya nzima kuhusu jinsi Wareno na Wahispania walivyotuletea neno la uzito. Ilikuwa aya nzuri.

Nimeifuta. Pesa yetu ni *paisa* ya Kihindi, ileile inayotumika India na Pakistani hadi leo, ileile ambayo Omani inaitwa *baisa* kwa kuwa Kiarabu hakina p. Peso haihusiki. *Pesewa* ya Ghana nayo haihusiki, hiyo ni ya Kiakan. Yanafanana kama watu wawili wanavyofanana kwenye daladala, hawana ukoo. Na mizani ya Barghash ilikuwa mizani tu.

Ni kama *dola* na *dola*. Ile ya utawala imetoka kwenye Kiarabu. Ile ya Marekani imetoka Joachimsthal, bonde moja huko Bohemia palipochimbwa madini ya fedha, sarafu yake ikaitwa Thaler. Tunaziandika sawa, tunazitamka sawa, na mmoja wao hajawahi kumwona mwenzake.

Wakati huohuo, hela na amahera, ambazo sura zao zimeshatofautiana, ni ndugu wa damu.

## Walioshika vidogo

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilifuta hesabu ya pesa 64. Rupia ikabaki, ikiwa na sura ya Kaisari, lakini sasa iligawanywa kwa Heller 100. Kodi ya kibanda ilikuwa imekwisha kuanzishwa, na ilitakiwa kwa sarafu. Mtu aliyekuwa na mbuzi, mtama na jembe, na asiyehitaji sarafu kwa lolote, alilazimika kuitafuta. Akaenda kwenye pamba, kwenye mkonge, kwenye reli. Kule kusini, kwenye mashamba ya pamba ya kulazimishwa, malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba kuna waliokataa kuyapokea. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vikaanza kwenye milima ya Umatumbi, kwa kung'oa pamba.

Kwa hiyo nilikaa na swali zito. Kwa nini tulilihifadhi neno hili? Serikali iliyolileta ilitawala na Heller yake miaka kumi na miwili tu. Mwaka 1916 ilikuwa inakimbia. Pale Tabora, kwenye karakana ya reli, ilikuwa inagonga Heller za mwisho kwa mabaki ya shaba, zenye herufi T, huku meli za kuleta sarafu kutoka Ulaya zikiwa haziwezi kupita. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaingia Tabora. Waingereza wakaleta shilingi. Taji likaondoka, Kaisari akaondoka, rupia ikaondoka midomoni.

Hela ikabaki.

Jibu lilinijia siku nikiwa kwenye foleni ya wakala wa M-Pesa Manzese, na nalisema kama lilivyonijia. Tazama maneno haya: *pesa*, sehemu ya 64 ya rupia. *Hela*, sehemu ya 100. *Ssente* ya Waganda, ambayo ni senti. Hizi zote zilikuwa sarafu ndogo, na zote zimekuwa jina la mali yote. Leo mtu anayejenga ghorofa Masaki anasema ana hela. Bilioni ni hela. Rupia yenyewe, iliyokuwa kubwa, wapi?

Jina la kitu hutolewa na anayekitaja mara nyingi zaidi. Rupia ilikaa kwenye sanduku la bwana mwenye shamba na kwenye kasha la mtoza kodi. Kilichopita mikononi mwa watu wetu kila siku, sokoni, kwa mihogo na chumvi na mafuta ya taa, ni kile kidogo chenye tundu, unachoweza kukipitisha kwenye uzi na kukifunga kwenye pindo la khanga. Wao ndio waliolisema neno mara elfu kwa siku. Bwana alilisema mara moja kwa mwezi.

Najua faranga inanipinga. Franki haikuwa sarafu ndogo ya Wabelgiji, chini yake kulikuwa na sentimu, na bado Rwanda ikaipokea franki yenyewe. Nimelizungusha hili kichwani siku nyingi. Pengine ni kwa kuwa baada ya Vita vya Kwanza franki ya Ubelgiji ilikuwa imeanguka thamani, mkubwa akawa mdogo. Sioni aibu kuacha jibu langu na ufa huo. Kinachonishangaza zaidi ni Burundi: walitawaliwa na Wajerumani haohao, kisha Wabelgiji haohao, wakaipokea faranga kama jirani zao, na bado hawakuiachia *amahera*.

## Januari

Kuna siku mwezi wa kwanza, ukipanda daladala asubuhi, maneno matatu unayasikia kila kiti. Kinamama wanayasema kwenye simu kwa sauti ya chini. Kinababa wanayasema wakitazama dirishani.

*Hela ya shule.*

Niliyasema mwenyewe kwa kaka yangu, na nusura simu inianguke. *Shule* ni *Schule*. Unguja wanasema skuli, kwa sababu huko Mjerumani hakutawala. Maneno ya Kijerumani yaliyokita mizizi kwenye Kiswahili yanahesabika kwenye vidole vya mkono, na makubwa kuliko yote ni haya mawili. Tumeyaunganisha kwa kijineno *ya*, chetu wenyewe, tukapata usemi unaobeba usingizi wa nusu ya wazazi wa nchi hii.

Baba yake bibi hakusoma. Alijaza vipande vya siku thelathini ili bibi asome mpaka darasa la nne. Aliita kile alicholipwa hela. Aliita kule alikompeleka mtoto wake shule. Sidhani alikuwa akizungumza Kijerumani.

Na mwalimu wangu, kama bado yu hai na anasoma: shikamoo, mwalimu. Ulikuwa sahihi kwamba neno lilitoka mtaani. Ningependa tu kukuambia ni mtaa gani, na nani walikuwa wanapita.

## Kibirizi tena

Mwezi uliopita kazi ilinirudisha Kigoma. Safari hii nilipitia Tanga kwanza, na shangazi akanifungia ile sarafu kwenye kipande cha kanga.

Mama wa dagaa alinikumbuka, au alijifanya kunikumbuka, ambayo ni adabu ileile. Nilinunua visado vyangu. Halafu nikafungua kile kitambaa, nikamwekea sarafu kwenye kiganja.

Aliigeuza. Alipitisha ncha ya kidole kidogo kwenye tundu. Kisha akamwita mwenzake aliyekuwa akianika samaki upande wa pili, akainyanyua juu ili aione kwenye jua, na akasema kwa Kirundi maneno ambayo sikuhitaji mtu anitafsirie:

"Amahera ya kera."